Kingo za Daraja

Fundi haanzi kwa kukata. Anaanza kwa kukagua. Mabomba yamelazwa juu ya vipande vya mbao nyuma ya karakana yake mjini Migori, upande unaoteremka kwenda mtoni, na kila moja bado limevikwa nailoni ya kiwandani. Yana urefu wa mita 6. Anapasua nailoni kidogo kwenye ncha, anasoma maandishi yaliyopigwa ubavuni mwa bomba, anayalinganisha na cheti kilichokuja na mzigo: namba ya tanuri, aina ya chuma, unene wa ukuta. Akisharidhika na karatasi, anachukua sumaku.

Sumaku haishiki. Kwa wanunuzi wengi uchunguzi huishia hapo: sumaku isiposhika, basi hiyo ni stenlesi ya kweli. Fundi hakubali upesi hivyo. Sokoni kuna stenlesi ya bei nafuu ambayo nikeli yake nyingi imeondolewa na nafasi yake kujazwa manganizi. Nayo mara nyingi haivutwi na sumaku, nayo hung'aa vilevile siku ya kwanza. Kwa hiyo anatoa kichupa cha dawa na betri ya volti 9. Tone moja juu ya chuma, nyaya mbili, sekunde chache. Tone likigeuka jekundu, manganizi ni mengi na mzigo unarudi ulikotoka. Halikugeuka. Jaribio hilo analirudia kwenye kila bomba, na baada ya kila tone anaosha mahali pale kwa maji safi na kupafuta kwa kitambaa cheupe.

Kazi yenyewe ni kingo za daraja la waenda kwa miguu. Daraja ni fupi: sakafu ya zege juu ya mihimili miwili ya chuma cha kawaida, ikivuka kijito kinachoteremka kuingia mto Kuja. Kingo za zamani zilikuwa mabomba ya kawaida yaliyopakwa rangi. Juu, pale mikono inaposhika, zilidumu. Chini, pale nguzo inapokutana na muhimili, tope lilikaa, tope likashika maji, na kutu ikala chuma hadi nguzo zikabaki maganda. Watoto wa shule waliendelea kuziegemea. Ndipo wenyeji wakachanga, wakaagiza kingo mpya, wakasema wanataka chuma kisichoshika kutu.

Nchi hii ina historia ndefu na chuma. Huko Thimlich Ohinga, katika kaunti hii ya Migori, ndani ya kuta za mawe zilizopangwa bila chokaa wala udongo, zile zilizoingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2018, yapo mabaki ya mahali pa wafua chuma. Chuma chao hakikuwa na kinga zaidi ya kutumiwa. Jembe linalolima kila siku hung'aa. Likitundikwa msimu mzima, hurudi na kutu. Mkulima wa leo wa Nyatike analijua hilo bila kuambiwa na mtu.

Ni haki kuuliza kama daraja dogo la huku linahitaji stenlesi kweli. Ziwa Victoria ni maji baridi. Hatuna hapa upepo wa chumvi unaopiga daraja la Nyali kule Mombasa, na chumvi, au kwa usahihi zaidi kloridi iliyomo ndani yake, ndiyo adui mkubwa wa vyuma vya pwani. Huku kinachokula chuma ni unyevu, hewa na tope. Mto Kuja unatoka nyanda za juu za Kisii, unakutana na mto Migori, na maji yao pamoja yanaingia ziwani upande wa Nyatike; mvua zikizidi, tambarare za chini hufurika, na maji yakiondoka huacha matope na mabua kwenye kila kona. Chuma cha kawaida kilichotumbukizwa katika zinki iliyoyeyuka, kwenye joto la nyuzi 450 hivi, kingeweza kukaa miongo mingi mahali kama hapa. Kwa madaraja mengi ya kanda ya ziwa, mimi ningechagua zinki bila kusita. Lakini fundi akiunganisha chuma cha zinki kwa moto, zinki huungua palepale kwenye kiungo na kinga hupotea mahali inapohitajika zaidi, hivyo kiungo hudai rangi, na rangi hudai mtu wa kuirudia mwaka baada ya mwaka. Barabara kuu ina mhandisi wake na fungu lake la matengenezo. Daraja la kijito lina wapita njia tu. Hapo ndipo gharama ya stenlesi, ambayo ni mara kadhaa ya chuma cha kawaida, inapoanza kueleweka.

Siri yake ni kromi. Chuma kikiwa na kromi isiyopungua asilimia 10.5, kromi iliyo usoni hushikana na oksijeni ya hewa na kufanya utando wa oksidi wenye unene wa nanomita mbili tatu. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Jicho halioni kitu. Rangi huwekwa na mtu, na ikichubuka hubaki na kidonda. Utando huu unajitengeneza wenyewe: ukikwaruzwa, hewa au maji yenye oksijeni huurudisha, kama malai yanavyorudi juu ya maziwa yaliyotulia baada ya kuenguliwa. Mabomba haya ya mkononi yana kromi asilimia 18 na nikeli 8. Sahani za chini, zitakazokaa karibu na tope, fundi ameziagiza za aina iliyoongezwa molibdeni asilimia 2 hadi 3, inayovumilia zaidi mashimo madogo ya kutu. Hakuona haja ya kutumia aina hiyo ghali kwa daraja zima.

Chuma hiki hakikubuniwa kwa ajili ya madaraja. Harry Brearley, wa mji wa Sheffield huko Uingereza, alikuwa akitafuta mwaka 1913 chuma cha kutengenezea mitutu ya bunduki isiyolika upesi, akaona kwamba mchanganyiko wake wa kromi haukubali kuliwa na asidi. Wajerumani nao walikuwa wakifanya kazi iliyokaribiana na hiyo wakati uleule. Ujenzi wa madaraja ulichelewa kuukubali uvumbuzi huo kwa sababu ya bei, lakini ushahidi ulikuwapo mapema. Kule Progreso, Meksiko, gati refu la zege lilijengwa baharini kati ya 1937 na 1941 kwa nondo za stenlesi, na miongo mingi baadaye bado lilikuwa linatumika bila matengenezo makubwa; gati jingine lililojengwa kando yake baadaye kwa nondo za kawaida lilibomoka na kuacha mabaki majini. Nondo inayoshika kutu huvimba, kwa sababu kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, na zege hupasuka kutoka ndani. Anayevuka Daraja la Mbita kwenda Rusinga, kule Homa Bay, huona zege na maji yanayopita chini yake, mahali ambapo tuta lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limeziba mkondo. Uimara wa madaraja ya namna hiyo unategemea nondo ambazo hakuna mpita njia atakayeziona.

Kingo za fundi wetu zitaonekana na kila mtu. Turudi karakanani.

Nimeona karakana nyingi zenye meza moja na vifaa vya kazi zote. Hii ina meza mbili. Ya kwanza ni nyeusi, imejaa vumbi la chuma cha kawaida, na juu yake yanatengenezwa mageti na madirisha. Ya pili imefunikwa kwa mbao na shuka la mpira, na vifaa vyake vimepakwa rangi ya buluu kwenye mpini: grainda ya buluu, tupa ya buluu, brashi ya waya ya buluu ambayo waya zake ni stenlesi tupu. Kifaa cha buluu hakivuki kwenda meza nyeusi. Diski iliyogusa chuma cha kawaida hata mara moja hairudi. Sababu yake ni ndogo kiasi cha kumfanya mtu asiyejua aipuuze: diski hubeba chembe za chuma, na chembe ikisuguliwa ndani ya stenlesi hukaa pale na kushika kutu yake yenyewe. Miezi michache baadaye mteja huona madoa ya kahawia na kusema ameuziwa stenlesi bandia, kumbe stenlesi ni safi na kilichooza ni mgeni aliyeingizwa na mkono wa fundi. Mbaya zaidi, chini ya chembe ile utando hauwezi kujirudisha.

Utaratibu huu aliupata katika kiwanda cha sukari alikofanya kazi ujanani, akitengeneza mabomba ya kupitishia maji ya miwa. Mji wake una bahati hiyo: kanda ya miwa na maziwa inahitaji vyombo visivyochafua chakula, na mikono iliyozoea kuunganisha mabomba hayo inaweza kuunganisha kingo za daraja.

Kukata ni kazi ya upesi, naye anaipitia upesi. Ugumu unaanza pale ncha ya bomba la kati inapotakiwa kukaa juu ya nguzo ya mviringo. Anafunga karatasi kwenye bomba, anachora mstari wa mwinamo aliokwisha kuupima, anakata kando yake, kisha anamalizia kwa tupa nusu duara. Anapiga tupa mara tatu nne, analeta bomba kwenye nguzo, anatazama mwanga. Mwanga ukipita mahali fulani, pale pamelika mno au upande wa pili umebaki juu. Anarudi kwenye jiliwa, ambalo midomo yake imevikwa vipande vya alumini ili isiache alama. Mwanafunzi wake, binti wa chuo cha ufundi aliye katika mafunzo ya kazi, anaileta ncha yake aliyoipiga tupa mwenyewe.

"Mzee, hii imetosha?"

"Bado, nyathina. Itazame kwa mwanga, usiitazame kwa macho ya kutaka kumaliza."

Anarudi nayo. Nafasi kati ya bomba na nguzo ikiwa kubwa, itabidi kujaza waya mwingi, waya mwingi unadai moto mwingi, na moto ndio unaotisha katika chuma hiki. Stenlesi ya aina hii hupitisha joto vibaya, karibu theluthi ya chuma cha kawaida, na ikipata joto hutanuka zaidi kwa nusu nzima hivi. Joto likiingia halitoki. Hukaa mahali pamoja na kupinda kila kitu. Fundi wa mageti akichomelea ukingo wa stenlesi kwa mwendo aliouzoea, ataanza na bomba lililonyooka na kumaliza na upinde.

Kabla ya moto, usafi. Ncha zinafutwa kwa asetoni na kitambaa kipya, nje na ndani, mpaka kitambaa kirudi kilivyokwenda. Nailoni inabaki kwenye sehemu zote zisizoguswa na kazi. Kisha fundi anaziba ncha za bomba kwa utepe, anaacha tundu dogo upande mmoja, na kuingiza mpira mwembamba wa argoni upande wa pili. Argoni ni gesi isiyoshikana na kitu. Imo katika hewa tunayovuta, chini kidogo ya asilimia moja. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo anaiingiza chini na kuiacha isukume hewa itoke juu. Hapo anasubiri, na binti anasubiri naye, na hakuna anayejaribu kuharakisha kwa kufungua gesi zaidi, kwa sababu gesi ikienda kasi huchanganyika na hewa badala ya kuisukuma. Karakana nyingi huiruka hatua hii, maana ndani ya bomba hakuna atakayetazama. Ikirukwa, mgongo wa mshono huungua na kutoa maganda meusi yenye chengachenga. Kwenye bomba la maji ya miwa maganda hayo huchafua sukari. Kwenye ukingo wa daraja hukaa ndani gizani na kunywa unyevu kwa miaka.

Sindano ya tangsteni inanolewa kwa urefu, mikwaruzo yake ikielekea kwenye ncha, ili mwale wa umeme usitangetange. Anashikiza bomba kwanza kwa nukta nne, akivuka kutoka upande hadi upande wa pili: juu, chini, kulia, kushoto. Kila nukta inavuta bomba kidogo kuelekea kwake, na nukta ya upande wa pili inalirudisha. Anapima kwa guni. Bado linanyooka.

Ndipo anashusha ngao ya uso. Mkono wa kulia umeshika tochi, kidole kidogo kimeegemea bomba na kuteleza juu yake. Mkono wa kushoto umeshika waya. Mwale unawaka bila kelele, mng'ao mweupe usiotoa cheche. Mtu aliyezoea kuchomelea kwa vijiti, kwa mlio na moshi wake, angedhani kazi haijaanza. Dimbwi dogo linafunguka chini ya ncha, lenye upana wa punje ya mahindi, linang'aa. Fundi haliongezi kitu mpaka lifike pande zote mbili za kiungo. Kisha anagusisha waya mbele yake, tone linayeyuka, anauondoa waya lakini hautoi nje ya gesi, anasogeza tochi kwa urefu mdogo kuliko dimbwi lenyewe. Anagusa tena. Mwendo ni uleule mpaka mshono unapofika robo ya mzunguko, na hapo anasimama. Anazima umeme na kuiacha tochi palepale juu ya chuma, gesi ikiendelea kutiririka, mpaka wekundu umalizike. Wanafunzi wengi, moto ukizimika, huondoa mkono. Hewa ikikuta chuma kingali chekundu, kila kilicholindwa kwa argoni huungua katika sekunde hiyo.

Sasa anasogea upande wa pili wa nguzo ili joto lisirundikane mahali pamoja, na kabla ya kuanza robo nyingine analeta mgongo wa kiganja karibu na mshono wa kwanza. Hauanzi mshono mpya mpaka ule wa zamani ushikike. Wakati huo wote haongei. Binti naye ananyamaza, na kazi yake ni kuangalia kipimo cha gesi.

Mshono umekamilika, na juu yake kuna mawimbi madogo yanayolingana, kila moja limelala juu ya nusu ya jirani yake. Pembeni zimetokea rangi: manjano hafifu, kisha dhahabu, na ukanda mwembamba wa buluu mahali pamoja tu. Mteja akiziona hufurahi, kwa sababu ni nzuri kweli. Fundi anazisoma tofauti. Rangi hizo ni oksidi iliyonenepa kwa joto, na ili inenepe ilivuta kromi kutoka kwenye chuma kilicho chini yake. Manjano maana yake kromi imepotea kidogo; buluu maana yake imepotea zaidi; kijivu maana yake argoni haikufika. Chini ya ukanda wa buluu chuma kina kromi pungufu, na kutu ikitafuta mlango katika ukingo huu wote, itaanzia hapo. Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwa rangi: chuma kikikaa muda mrefu kati ya nyuzi 450 na 850, kaboni yake hushikana na kromi na kuinyang'anya kwenye mipaka ya chembe za chuma. Kwa hiyo fundi alinunua mabomba na waya vyenye kaboni isiyozidi asilimia 0.03. Hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa dukani, kabla mtu hajawasha mashine.

Kuondoa rangi ndiko kunakotenganisha kazi nzuri na kazi inayopendeza macho. Kwenye bomba la juu, litakaloshikwa na mikono, anasaga mshono kwa ukanda mpya wa msasa mpaka ulingane na bomba, kisha anapanda kutoka msasa mkali hadi laini, kila mara akisugua kwa mwelekeo mmoja, mpaka mikwaruzo ya msasa uliotangulia iishe yote. Uso laini haushiki uchafu, na maji ya mvua huuosha. Kwenye nguzo anaacha mikwaruzo yote isimame wima, ili maji yateleze yakienda chini. Ni jambo dogo ambalo sikuwahi kulifikiria, na sasa kila nikiona nguzo ya stenlesi natazama mikwaruzo yake imelala wapi.

Kwenye viungo vya chini, ambako msasa haufiki, anatumia ujiuji wa asidi ya nitriki na haidrofloriki. Hapa binti anaambiwa akae mbali. Fundi anavaa glavu ndefu za mpira, miwani, ngao ya uso na aproni, na kando yake kuna mrija wa jeli ya kalsiamu wa kupaka mara moja asidi ikigusa ngozi, kwa kuwa haidrofloriki hupenya mwilini kabla maumivu hayajaanza. Anapaka kwa brashi, anahesabu muda kulingana na joto la siku, anatazama buluu ikififia na kuwa kijivu cheupe. Haachi muda upite, maana asidi iliyoachwa hula na chuma kizuri. Anaosha kwa maji mengi, na maji yale hayaendi kwenye mtaro. Yanateremka ndani ya beseni yenye chokaa, yanachemka na kutoa mapovu, na fundi anaongeza chokaa mpaka yanyamaze. Mto uko chini ya karakana, na watu wanachota.

Sehemu zilizosagwa nazo zinapata zamu yao katika asidi ya limau, ile ya unga, iliyoyeyushwa katika maji ya moto. Hii huokota chembe za chuma huru bila kugusa kromi. Baada ya hapo chuma kinaachwa na hewa. Hakuna kinachopakwa. Utando unarudi wenyewe, na kazi ya mtu ni kuhakikisha hakuna kitu kati ya kromi na hewa.

Atajuaje kwamba hakuna? Anayeyusha mrututu, ule wa buluu wanaoutumia wakulima kupambana na ukungu wa mimea, anatia asidi kidogo, na kupangusa kila mshono kwa pamba iliyolowa. Anauweka ukiwa umelowa kwa dakika 6. Mahali penye chembe ya chuma huru, shaba ya mrututu hujitenga na kuganda, ikiacha doa la rangi ya shaba. Katika kiungo cha nne doa lilitokea, dogo kuliko kichwa cha pini, kwenye kona ya sahani ya chini. Fundi aliinama akalitazama kwa muda, akamwita binti naye alitazame. Hakuuliza nani. Alichukua msasa wa buluu, akarudia kusugua, akarudia asidi ya limau, akaosha, akarudia mrututu. Doa halikutokea tena. Viungo vilivyobaki akavipima vyote, na maji ya mrututu yakaoshwa mpaka mwisho.

Kwenye kijito, kazi ni ya spana, na bado kuna mtego. Stenlesi ikigusana na chuma cha kawaida penye maji, vyuma viwili hivyo hufanya betri ndogo, na kinacholiwa ni kile cha kawaida. Maji baridi ya kwetu hupitisha umeme kidogo kuliko maji ya bahari, hivyo ulaji ni wa polepole, lakini tope lenye unyevu wa kudumu linatosha. Fundi anaweka bamba la nailoni kati ya sahani na muhimili, anavika kila bolti kifuko cha nailoni, na washa za nailoni pande zote mbili. Kisha anapaka rangi kwenye muhimili kuzunguka kiungo, na anaipitisha rangi hiyo hadi juu ya stenlesi yenyewe. Mmoja wa wenyeji alishangaa: kwa nini kupaka rangi chuma kisichohitaji rangi? Kwa sababu ukipaka muhimili peke yake na rangi ikachubuka mahali padogo, stenlesi yote iliyo wazi itakielekeza kilio chake kwenye kidonda hicho kimoja, nacho kitachimbika upesi. Ukipaka stenlesi, unaipunguzia uwezo wa kudai.

Bolti zina alama A4 kichwani, aina ya molibdeni. Kabla ya kuzifunga anapaka uzi ujiuji wa nikeli, kwa kuwa bolti na nati za stenlesi zikisuguana kavu hung'ang'aniana kana kwamba zimechomelewa, na ukilazimisha hukatika. Anazungusha kwa mkono mpaka zikae, kisha kwa spana ya kupimia nguvu, polepole, akiruka kutoka kona hadi kona ya pili. Mwisho anakagua matundu madogo aliyoyaacha chini ya kila nguzo ili maji yakiingia yatoke. Anamimina maji ndani ya moja na kuyasubiri chini.

Mama mmoja wa kikundi kilichochanga, aliyekuwa ameshika ukingo na kuupapasa, akauliza wao wausafishe kwa kitu gani.

"Maji, mama, na sabuni ya kawaida, na kitambaa. Waya wa kusugulia sufuria msiulete hapa, utaacha chembe. Na Jik msiipake kabisa, hiyo ndiyo inayotoboa."

"Mara ngapi?"

Kila mafuriko yakipita, alisema, na mara moja katikati ya kiangazi. Wasihangaike na bomba la juu, mikono ya wapitao italitunza hilo. Waanze na sahani za chini za upande wa shule, kwa sababu huko mteremko ni mdogo na tope hukaa zaidi, na wachokoe matundu yale kwa kijiti, si kwa msumari.